Kondensingi yuniti ya chumba cha baridi: kuchagua aina, kupima ukubwa na kuifunga

Anayejenga chumba cha baridi cha samaki au nyama akifika dukani, swali la kwanza analoulizwa huwa ni "unataka HP ngapi?" Swali hilo halitoshi, na ndilo linalozaa mashine zinazozunguka usiku na mchana bila kushusha joto. Kompresa ile ile, yenye mota ile ile, ikifanya kazi na gesi inayochemka kwenye -30°C hutoa baridi isiyofika nusu ya ile inayotoa kwenye -10°C. HP inakuambia ukubwa wa mota. Baridi hupimwa kwa kilowati, na kilowati hizo hazina maana mpaka zitajwe pamoja na namba mbili: joto ambalo gesi inachemkia ndani ya chumba, na joto la hewa ya nje siku ya jua kali.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mpaka mwisho: chumba cha samaki wabichi huko pwani, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.4, kinachotunza samaki kwenye nyuzi 2. Friza ya -18°C tutaigusa pale inapotofautiana.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Kondensingi yuniti ni ule upande wa nje: kompresa (pampu inayokandamiza gesi), kondensa (koili inayotupa joto nje), feni na kwa kawaida resiva (tangi la kuhifadhi gesi iliyogeuka maji), vyote juu ya fremu moja. Ivaporeta (koili ya ndani ya chumba inayochukua joto) na ekspansheni vali (inayoshusha presha ya gesi kabla haijaingia ivaporeta) havimo, vinanunuliwa peke yake na lazima vilingane na yuniti. Joto linalotupwa nje ni lile lililotolewa chumbani pamoja na umeme ulioliwa na kompresa. Ndiyo maana yuniti ya baridi ya kW 2.4 inatupa nje karibu kW 3.5 au zaidi, na ndiyo maana kuifungia kwenye kibanda kisicho na hewa ni kuiua.

Hatua ya 1: Pata mzigo wa baridi

Hesabu kwa siku nzima, kisha gawanya kwa saa ambazo kompresa itafanya kazi. Kwa chumba cha nyuzi 2 tumia saa 16, kwa sababu ivaporeta inahitaji mapumziko ya kuyeyusha barafu.

Joto linalopita ukutani: paneli ya poliurethani ya milimita 100 hupitisha takriban wati 0.25 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kuta nne, dari na sakafu ni mita za mraba 46.8. Nje nyuzi 33, ndani 2, tofauti ni 31. Jibu ni wati 363, yaani kWh 8.7 kwa siku.

Joto la samaki: tuseme zinaingia kilo 500 kwa siku zikiwa na nyuzi 25. Samaki mbichi anahitaji karibu kJ 3.6 kwa kilo kwa kila nyuzi. 500 × 3.6 × 23 = kJ 41,400, sawa na kWh 11.5. Samaki wakija na barafu, wakiwa tayari nyuzi 5, sehemu hii inashuka hadi kWh 1.5. Kwa hiyo muulize mwenye chumba samaki wanafikaje, usikisie.

Hewa ya mlangoni ndiyo inayosahaulika. Hewa ya pwani ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 70 hubeba joto lililojificha ndani ya mvuke, zaidi ya lile linaloonekana kwenye kipimajoto. Kupoza mita moja ya ujazo ya hewa hiyo mpaka nyuzi 2 kunagharimu takriban kJ 92. Chumba cha mita za ujazo 21.6, kikibadilisha hewa mara 20 kwa siku, kinadai karibu kWh 11, sawa na samaki wote waliotajwa juu. Mlango ukiachwa wazi wakati wa kupakia, maradufu. Pazia la plastiki la vipande mlangoni ni rahisi kuliko HP moja ya ziada.

Ongeza kWh 4 za feni za ivaporeta, taa na watu wanaoingia. Jumla ni kWh 35 hivi. Gawanya kwa 16, unapata kW 2.2, weka akiba ya asilimia 10, unafika kW 2.4. Usiweke akiba ya asilimia 50 "kwa usalama". Yuniti kubwa mno huwaka na kuzima kila dakika chache, haipati muda wa kurudisha oili, na mota huchoka kwa kuanza mara nyingi.

Hatua ya 2: Tambua kundi la joto

Kwenye kibati cha kompresa utaona herufi HBP, MBP au LBP. HBP ni ya uvukizaji wa juu, kuanzia karibu -5°C kwenda juu: viyoyozi na vipoza maji. MBP ni ya vyumba vya samaki wabichi, nyama, maziwa na soda. LBP ni ya friza, takriban kati ya -10 na -35°C.

Gesi lazima iwe baridi kuliko chumba ili joto lihame. Kwa chumba cha nyuzi 2, ichemke kwenye -6 hadi -8°C. Kwa friza ya -18°C, ichemke kwenye -25 hadi -28°C. Kwa mfano wetu, basi, tunatafuta yuniti ya MBP inayotoa kW 2.4 kwenye -8°C, hewa ya nje ikiwa nyuzi 35 hadi 38. Majedwali mengi ya Ulaya yamepimwa kwa hewa ya nyuzi 32. Ukisoma safu hiyo tu, mwezi Februari utalaumiwa. Kwa gesi ya R404A mara nyingi utaangukia kwenye mashine inayouzwa kama ya HP 1.5 au 2, lakini soma jedwali, siyo kibandiko cha boksi.

Kuweka kompresa ya LBP kwenye kazi ya HBP hupakia mota kupita uwezo wake, kwa kuwa gesi inayorudi ni nzito mno. Ukifanya kinyume chake, gesi inayorudi inakuwa chache, haiwezi kupoza mota, na kompresa inaungua polepole huku amita ikionyesha mkondo mdogo. Fundi akiangalia amita peke yake anasema mashine ni nzima.

Hatua ya 3: Kondensa ipozwe na nini?

Ya hewa ndiyo jibu la vyumba vidogo karibu vyote. Haina bomba la maji, na inasafishwa na mtu yeyote mwenye brashi. Udhaifu wake ni kwamba joto la kondensa hukaa nyuzi 10 hadi 15 juu ya hewa, hivyo siku ya nyuzi 33 kondensa iko kwenye 45 au zaidi. Mashine ikikaa ufukweni, chumvi hula mapezi ya alumini. Nunua yenye mapezi yaliyopakwa epoksi au ya shaba, na uioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki mbili. Maji yapite kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari huyalaza mapezi na kuziba njia ya hewa. Kwa walio nyanda za juu kama Nairobi, hewa ya mita 1,800 ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo feni inasukuma hewa pungufu, ila ubaridi wa mji hufidia sehemu kubwa.

Ya maji hutumia mabomba ndani ya gamba, bomba ndani ya bomba, au sahani zilizobanwa. Inashusha joto la kondensa na kuokoa umeme, lakini inadai maji. Kutupa kW 10 za joto huku maji yakipanda nyuzi 5 kunahitaji karibu mita za ujazo 1.7 kwa saa, na hakuna mwenye bili ya maji atakayevumilia kuyamwaga. Lazima pawe na mnara wa kupoza, ambao kwa kW hizo 10 hupoteza lita 15 hivi kwa saa kwa mvuke peke yake. Maji ya kisima yenye chokaa huacha ukoko ndani ya mabomba, na presha hupanda mwezi hadi mwezi. Kwenye meli na boti za uvuvi aina hii ndiyo inayofaa, mradi mabomba yawe ya mchanganyiko wa shaba na nikeli na kuwe na vipande vya zinki vya kuliwa na kutu badala ya kondensa. Vipande hivyo hubadilishwa. Ukivisahau, bahari inaingia kwenye gesi.

Ya tatu humwagia koili maji huku feni ikivuta hewa. Ni ya viwanda vya barafu na maghala makubwa. Kwenye unyevu wa pwani faida yake ni ndogo kuliko bara kukavu.

Hatua ya 4: Aina ya kompresa

Kompresa ya pistoni iliyolehemiwa ndani ya chungu cha chuma ni rahisi na inapatikana kila mahali, hadi HP chache. Ikiungua unatupa yote. Skroli (kompresa ya sahani mbili zenye umbo la konokono) haina vali za kunyonya na ina sehemu chache zinazosuguana, inanyamaza, na inavumilia gesi maji kidogo bila kuvunjika. Ya fezi tatu ina kasoro moja ya kujua: ukikosea mpangilio wa fezi, inazunguka kinyume, inapiga kelele, geji mbili zinabaki karibu sawa, na hakuna baridi. Badilisha nyaya mbili kati ya tatu, basi.

Semi-hemetiki hufungwa kwa bolti, inafunguliwa na kubadilishwa vali, pistoni na beringi. Bei yake ni kubwa, na inajilipa penye fundi anayeweza kuifungua. Kuanzia ukubwa fulani ina pampu ya oili na swichi ya presha ya oili inayosubiri sekunde 120 kabla ya kuzima mashine. Fundi anayeiruka swichi hiyo kwa waya ili "mashine isisumbue" anaandaa kifo cha kranki. Zile za wazi, ambazo mota iko nje na shafti inapita kwenye sili, utazikuta kwenye mitambo ya amonia, maana amonia hula shaba ya mota.

Hapa pana mtego wa kwenye boksi. Kompresa ndogo za fezi moja huja kwa namna mbili: ya nguvu ndogo ya kuanza na ya nguvu kubwa ya kuanza. Ya kwanza inafaa mfumo wa kapilari tu (bomba jembamba linalotumika badala ya ekspansheni vali), kwa kuwa presha husawazika mashine ikisimama. Ukitumia ekspansheni vali, presha hazisawaziki, hivyo unahitaji ya pili, yenye kapasita ya kuanzia. Ukichanganya, kompresa inanguruma, ovalodi (kinga ya mota) inakata, inanguruma tena.

Hatua ya 5: Gesi na oili

R22 inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal. Nchi zinazoendelea zinafikia ukomo wake mwaka 2030, ukiacha sehemu ndogo ya matengenezo. Usijenge chumba kipya juu yake. R404A bado ndiyo inayotawala vyumba vya samaki, lakini kila kilo yake hupasha dunia joto kama kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Oktoba 2016, yanaipunguza yeye na ndugu zake. R134a (1,430) inafaa chumba cha nyuzi 2. Kwa friza haifai, kwa sababu inachemka kwenye -26°C kwa presha ya hewa, na chini ya hapo mfumo unanyonya hewa penye tundu. R448A na R449A zimetengenezwa kuchukua nafasi ya R404A. R290, ambayo ni propani safi, ni nzuri sana kwa baridi na inawaka moto: iende kwenye mashine iliyoundwa kwa ajili yake tu.

Gesi za HFC (kundi la R404A, R134a na ndugu zao) hutumia oili ya POE, ambayo hunyonya unyevu hewani. Kopo likifunguliwa asubuhi, jioni si la kutegemea.

Hatua ya 6: Umeme

Hakikisha kibati kinasema 50 Hz. Mashine za mitumba kutoka Marekani au Saudi Arabia huwa za 60 Hz. Kwenye umeme wetu zinazunguka polepole kwa asilimia 17, baridi inapungua vivyo hivyo, na mota iliyoundwa kwa 60 Hz pekee inapata moto. Za Imarati na Omani ni 50 Hz.

Weka taima ya kuchelewesha dakika 3 hadi 5 umeme unaporudi, kifaa cha kukata umeme ukishuka au kupanda zaidi ya asilimia 10, na kwa fezi tatu, rilei ya kulinda fezi iliyokosekana. Kompresa nyingi zinazorudishwa dukani zikiwa "mbovu toka kiwandani" zimeuawa na fezi moja iliyokatika usiku.

Hatua ya 7: Mahali na mabomba

Iache yuniti angalau sentimita 30 kutoka ukutani upande wa kunyonya hewa, na mita 1 hadi 1.5 wazi mbele ya feni, au kama kitabu chake kinavyosema. Kivuli ni kizuri. Boksi la mabati si kivuli. Chini weka mipira ya kuzuia mtetemo.

Kwa kW 2.4 za R404A, bomba la kunyonya la inchi 5/8 linaipa gesi mwendo wa karibu mita 6 kwa sekunde, na la gesi iliyogeuka maji ni inchi 3/8. Mtu hushawishika kuweka 3/4 akidhani kubwa ni bora. Mwendo unashuka hadi mita 4, na kwenye bomba linalopanda wima oili inabaki ivaporeta badala ya kurudi. Bomba la mlalo literemke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kompresa. Bomba likipanda, tengeneza kiko cha oili (mkunjo wa umbo la U) chini yake, na kingine kila mita 3 hadi 4. Livike sponji ya milimita 13 hadi 19. Kwa friza, 25.

Unapochomea, pitisha nitrojeni polepole ndani ya bomba. Bila hiyo shaba inaota magamba meusi, na oili ya POE itayaosha yote mpaka kwenye ekspansheni vali. Shaba kwa shaba tumia fimbo ya fosforasi. Shaba kwa brasi au chuma tumia fimbo ya fedha na flaksi.

Hatua ya 8: Kupima, kuvuta hewa, kujaza

Jaza nitrojeni kavu hadi presha iliyoandikwa kwenye yuniti kwa upande husika, uache saa 24. Usitumie oksijeni kamwe. Ikikutana na oili inalipuka. Kumbuka kuandika joto la hewa: kwa bar 20, kupoa kwa nyuzi 10 usiku kunashusha geji karibu bar 0.7 bila tundu lolote.

Vuta vakyumu hadi mikroni 500 ukitumia kipimo cha vakyumu. Geji za kawaida haziwezi kuonyesha tofauti hiyo. Funga pampu, subiri dakika 15. Ikipanda kidogo na kutulia, kuna unyevu bado. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Washa hita ya oili masaa 12 hadi 24 kabla ya kuwasha kompresa, kama ipo.

R404A na ndugu zake ni mchanganyiko, hivyo ingiza ikiwa maji: anza kwenye resiva mfumo ukiwa kwenye vakyumu, kisha malizia upande wa kunyonya kwa kuikamua kidogo kidogo kupitia geji. Simama kioo cha kuangalia gesi kwenye bomba kikitulia bila mapovu, hewa ya nje ikiwa ya moto.

Hatua ya 9: Kurekebisha

Chumba kikifika nyuzi 2, geji ya chini isome karibu bar 3.6 kwa R404A, ambayo ni -8°C. Bomba kwenye balbu ya ekspansheni vali likiwa -2°C, supahiti (joto la gesi juu ya lile la kuchemka) ni 6. Kati ya 5 na 8 ni sawa. Hewa ikiwa nyuzi 33, geji ya juu isome bar 19 hadi 20. Swichi ya presha ya juu ikate kwenye 26 hivi.

Swichi ya presha ya chini ndiyo inayokosewa zaidi kwenye mfumo wa solenoidi (vali ya umeme), ambapo termostati hufunga gesi na kompresa hujizima yenyewe baada ya kuivuta. Kwa chumba chetu ikate kwenye bar 0.5 hadi 1 na iwake kwenye 2.5 hadi 3. Namba hizo ukizinakili kwenye friza, haitawaka tena: kwenye -18°C gesi ikiwa imetulia inafika bar 2.2 tu. Kwa friza, ikate kwenye 0.3 na iwake kwenye 1.5.

Presha ya juu ikiwa imepanda

Geji ikisoma bar 24 badala ya 20, wengi hutoa gesi. Usianze huko. Osha kondensa, angalia feni inazunguka upande sahihi, angalia kama hewa ya moto inarudi ilikotoka. Kisha zima kompresa, acha feni ya kondensa ifanye kazi mpaka geji itulie, na ulinganishe. Kwenye hewa ya nyuzi 33, R404A safi hutulia kwenye bar 14.3 hivi. Ikibaki zaidi ya hapo kwa bar 1 au zaidi, ndani mna hewa: mtu alifungua mfumo bila kuvuta vakyumu sawasawa. Hapo kutoa gesi kidogo hakusaidii. Ikusanye yote kwenye mtungi, badilisha draya (chujio linalonyonya unyevu), vuta vakyumu upya na ujaze kwa mizani. Ikitulia pale pale kwenye 14.3, kondensa safi, feni nzima, basi gesi imezidi, nayo utaijua pia kwa bomba la gesi iliyogeuka maji kuwa baridi kuliko kawaida ukilinganisha na joto la kondensa: tofauti ya nyuzi 4 hadi 7 ni ya kawaida, 12 au 15 si ya kawaida.